Ofisi ya Montreal Ilifunguliwa Lini?

Oktoba 2004 wanajeshi wa serikali ya Kongo waliingia Kilwa, mji mdogo ulio ufukweni mwa Ziwa Mweru huko Katanga, kuzima uasi wa kikundi kidogo cha watu wenye silaha. Walipomaliza, watu zaidi ya 70 walikuwa wamekufa. Kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba shaba na fedha huko Dikulushi, ilikuwa imetoa magari na ndege zilizowabeba askari. Haikukana kuvitoa, ilisema iliamriwa na serikali. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia huru wafanyakazi wa kampuni walioshtakiwa. Familia za Kilwa zikaipeleka kesi Kanada. Mwaka 2011 jaji wa Québec alisema inaweza kusikilizwa kule. Januari 2012 Mahakama ya Rufani ikaifuta, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba ofisi ya kampuni mjini Montreal ilifunguliwa Juni 2005, tena kwa kazi ya kuhudumia wawekezaji tu. Mauaji yalikuwa yameitangulia ofisi kwa miezi minane.

Hakuna aliyebishana kama watu walikufa. Ubishi ulikuwa juu ya tarehe ya kufungua ofisi.

Maprofesa wa sheria wanaofundisha somo la biashara na haki za binadamu huonekana kwa wengi kama watu wa makongamano na maazimio. Ukizifuata kazi zao kwa karibu utakuta jambo jingine. Sehemu kubwa ni kusoma karatasi za kampuni kwa subira ya mhasibu: daftari la usajili, mkataba wa menejimenti, mwongozo wa usalama unaotumika katika kundi zima, aya moja iliyojificha kwenye ripoti ya mwaka. Kesi husimama au kuanguka hapo. Na sehemu nzuri ya kazi hiyo inaweza kuanzwa na wakili kijana, mwanahabari au kamati ya kijiji huko Tarime, Kericho au Kolwezi, bila kungoja mtu wa chuo kikuu.

Mama asiyelipa chungu

Kwetu mtoto akivunja chungu cha jirani, mzazi ndiye anayefuatwa. Kiswahili kimeyaita makampuni haya kampuni mama na kampuni tanzu, na jina hilo linampotosha msikilizaji, kwa sababu sheria imeweka kinyume chake. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua shauri la Aron Salomon, fundi viatu wa London aliyekuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007 za kampuni yake. Hisa sita zilizobaki walikuwa nazo watu wa familia. Kampuni ilipofilisika, majaji walisema kampuni ni mtu mwingine kabisa kisheria, na madeni yake si ya Salomon. Kanuni hiyo ilikuja huku na meli za kikoloni na bado ndiyo msingi wa Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya 2002 na ile ya Kenya ya 2015.

Matokeo yake mtu anayaona akifika mgodini. Kibao cha getini kina jina moja, leseni ina jina la pili, mishahara inatoka kwa kampuni ya tatu, na faida inakwenda kwa ya nne iliyoko nchi nyingine. Wanakijiji wanaidai ile ya getini. Ile ya getini inaweza kuwa haina kitu zaidi ya matingatinga ya kukodi.

Kwa zaidi ya miaka mia moja mlango wa kwenda kwa mama ulikuwa kama umepigwa misumari. Uliopenyeza mwanga ni mlango wa pembeni: badala ya kusema mama alipe makosa ya mtoto, mawakili walisema mama mwenyewe alikosea. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mfanyakazi wa kiwanda cha Cape kilichotumia asbesto huko Uxbridge. Alifanya kazi pale miaka michache tu kuanzia 1959, na maradhi ya mapafu yakajitokeza karibu nusu karne baadaye. Kampuni tanzu iliyomwajiri ilikuwa imeshafutwa. Kilichomwokoa ni kwamba kampuni mama ilikuwa na daktari wake aliyeshughulikia afya ya wafanyakazi wa kundi zima, na ilijua hatari ya vumbi lile kuliko kiwanda chenyewe. Mwenye daktari na elimu alikuwa mama, kwa hiyo wajibu wa uangalifu ulimwangukia yeye.

Ukurasa uliofungua Nchanga

Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, dhidi ya Vedanta Resources ya London na tanzu yake, Konkola Copper Mines. Walisema maji machafu ya mgodi wa shaba wa Nchanga yamekuwa yakiingia katika mito wanayoitegemea kwa kunywa, kunyweshea mifugo na kumwagilia mashamba tangu 2005. Uamuzi ulihusu swali la awali tu, yaani kama kesi ifunguliwe London. Hata hivyo ndiyo hukumu ambayo kila darasa la somo hili linaanza nayo sasa.

Hoja ya Lord Briggs, aliyeandika hukumu, ni rahisi kuliko inavyosimuliwa. Alisema hakuna sheria ya pekee kwa ajili ya kampuni mama. Kumiliki hisa peke yake hakuleti wajibu. Swali ni kama mama aliingiza mkono: alichukua usimamizi, aliamuru, alikagua, alishauri? Akiingiza mkono, anawajibika kama mtu mwingine yeyote anayeshika kazi inayoweza kuwadhuru wengine.

Halafu akaongeza jambo lililowashtua washauri wa makampuni. Kampuni mama inaweza kubeba wajibu kwa kujitangaza tu. Ikiwa imeandika hadharani kwamba inasimamia na kudhibiti mwenendo wa tanzu zake, haitasikilizwa kirahisi ikisema baadaye kwamba haikufanya hivyo. Kutofanya kile ulichotangaza kwamba unafanya kunaweza kuwa ndiyo kosa lenyewe. Miongoni mwa ushahidi uliotajwa ni ripoti ya Vedanta kuhusu uendelevu, iliyoeleza jinsi bodi ya kundi inavyosimamia tanzu zote, pamoja na mkataba wa huduma za menejimenti kati ya mama na tanzu.

Ripoti zile huandikwa kumfurahisha mwekezaji. Karatasi inayong'aa, picha ya mtoto anakunywa maji ya bomba, sentensi kama "tunahakikisha viwango vyetu vya mazingira vinafuatwa katika kila eneo letu la kazi". Mwandishi wa sentensi hiyo hakuwahi kufikiri itasomwa na wakili wa mkulima wa Chingola. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2021, bila kampuni kukiri kosa.

Kinyume chake ni Kericho. Wafanyakazi 218 wa mashamba ya chai na jamaa zao, walioshambuliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliishtaki Unilever huko London. Walidai kampuni mama ilipaswa kuona hatari ya kuwaweka watu wa makabila ya mbali katikati ya eneo lenye joto la kisiasa bila ulinzi. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikataa. Ushahidi ulionyesha tanzu ya Kenya ndiyo iliyotunga mpango wake wa dharura na kuamua mambo yake. Hapakuwa na karatasi ya kutosha inayomweka mama jikoni. Mateso ya watu wale hayakuwa madogo kuliko ya Chingola.

Ugumu ni kwamba karatasi za kumweka mama jikoni ziko ndani ya kabati la mama. Mdai anatakiwa aonyeshe mwanzoni yale ambayo angeyaona tu kama kesi ingeendelea na kampuni ikalazimishwa kutoa nyaraka. Februari 2021, katika kesi ya jamii za Ogale na Bille za Nigeria dhidi ya Shell, Mahakama ya Juu ilikiri tatizo hilo na kusema majaji wasiendeshe kesi nzima mlangoni kabla nyaraka za ndani hazijatolewa. Kwa watu wa Kericho ilikuwa imechelewa.

Profesa wa Minnesota na mtu wa Harvard

Kabla ya kuingia katika kazi ya mikono, inafaa kueleza kwa nini kesi hizi zinapita njia ya panya kiasi hiki. Je, hakuna mkataba wa kimataifa unaozibana kampuni? Hakuna, na haukukosekana kwa kutojaribiwa. Profesa wa sheria David Weissbrodt wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliongoza uandishi wa kanuni zilizotaka makampuni yabanwe moja kwa moja na sheria ya haki za binadamu. Kamati ndogo ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilizipitisha Agosti 2003. Mwaka uliofuata Tume ya Haki za Binadamu yenyewe, iliyojaa wawakilishi wa serikali, ilisema rasimu ile haina nguvu yoyote ya kisheria.

Mwaka 2005 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akamteua John Ruggie wa Harvard kuwa mwakilishi wake maalumu wa jambo hili. Ruggie hakuwa mwanasheria kwa fani. Alikuwa mtaalamu wa siasa za kimataifa, na aliliendea jambo kama mwanasiasa. Aliiweka kando rasimu ya Weissbrodt, akazunguka miaka sita akikutana na makampuni, serikali na waathirika, na Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu likapitisha bila kupinga Kanuni Elekezi 31 zenye nguzo tatu: dola ilinde, kampuni iheshimu, aliyeumizwa apate nafuu.

Hapo Kiswahili kinabana. Kiingereza cha kanuni zile kinatofautisha wajibu wa dola, ambao ni wa kisheria, na wa kampuni, ambao ni wa kimatarajio ya jamii. Kwetu yote mawili hutafsiriwa "wajibu", na msomaji wa tafsiri anaondoka akiamini kampuni imebanwa kama serikali. Bora kwa kampuni kusema "dhamana" au "jukumu", na kuacha "wajibu" kwa dola. Profesa Surya Deva, mwanasheria aliyekuja kuwa mjumbe wa kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa cha mambo haya, aliwahi kulalamikia lugha yenyewe: kwamba "ukiukaji" ulilainishwa ukawa "athari". Ana haki. Athari ni kitu kinachotokea. Ukiukaji una mtu aliyeufanya.

Mazungumzo ya mkataba wenye nguvu yalianza upya kwa azimio lililoongozwa na Ecuador na Afrika Kusini mwaka 2014, na yanaendelea kwa mwendo wa kinyonga. Ulaya ilipitisha sheria yake ya pamoja mwaka 2024 na kuanza kuipunguza makali mwaka 2025 kabla haijaanza kutumika. Ufaransa ilitangulia mwaka 2017 kwa sheria inayoyadai makampuni makubwa, yenye wafanyakazi 5,000 nchini humo au 10,000 duniani, mpango ulioandikwa wa kuzuia madhara. Sheria hiyo ndiyo iliyotumiwa dhidi ya TotalEnergies kuhusu mafuta ya Uganda na bomba la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani, Tanga. Notisi ya kuionya kampuni kabla ya kesi ilitumwa 2019. Februari 2023 mahakama ya Paris ilikataa kuisikiliza kesi kwa sababu madai yaliyokuwa mbele yake yalikuwa yametofautiana mno na yale yaliyoandikwa kwenye notisi. Miaka minne iliishia kwenye tofauti ya barua mbili.

Kuna pia lile neno CSR, yaani jukumu la kampuni kwa jamii, ambalo huku limekuwa na maana ya madawati, zahanati na kisima chenye nembo. Sheria ya madini ya Tanzania, kwa marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa namna hiyo. Si jambo baya. Lakini ni hesabu ya daftari jingine, na mara nyingi hutolewa kama jibu la swali ambalo halikuuliza madawati.

Kuanzia getini

Kazi ya kwanza ni kuandika jina kamili la kila kampuni inayoonekana: kwenye kibao, kwenye hati ya mshahara, kwenye cheti cha mazingira, kwenye gari la ulinzi. Herufi kwa herufi, pamoja na neno "Limited" na mabano kama yapo, kwa sababu kampuni mbili zinaweza kutofautiana kwa mabano tu. Halafu upekuzi wa usajili: BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, kwa Tanzania, na kwa Kenya fomu ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Mwenye hisa akiwa kampuni ya Uingereza, daftari la Companies House linasomwa bure mtandaoni, na hapo kuna hesabu za mwaka zenye orodha ya tanzu zote. Tafuta tarehe za kuanzishwa, za kubadili jina na za kuhama anwani. Kampuni iliyochimba mgodi wa dhahabu wa North Mara, Tarime, ilijulikana kama African Barrick Gold, ikawa Acacia mwaka 2014, na mwaka 2019 ikamezwa na Barrick. Anayeandika jina la leo kwenye dai la tukio la 2011 amempa mdaiwa zawadi.

Wakati mwingine upekuzi unaleta mshangao mzuri. James Finlay (Kenya), iliyokuwa na mashamba ya chai Kericho, ilikuwa imesajiliwa Scotland, na ndiyo sababu wachuma chai waliodai kuumia migongo walifungua kesi ya pamoja Edinburgh dhidi ya mwajiri wao mwenyewe, bila haja ya kubishana kuhusu mama. Kesi hiyo nayo iligonga mwamba wa aina yake: majaji wa huko waliisimamisha mwaka 2023 ili njia ya fidia ya kazini iliyopo Kenya itangulie.

Baada ya majina, kurasa. Ripoti za mwaka, ripoti za uendelevu, sera ya usalama, maelezo kwa soko la hisa, hata matangazo ya kazi: tangazo la "meneja wa mazingira wa kundi, atakayesimamia maeneo yote ya Afrika" ni ushahidi wa nani anasimamia nini. Pakua faili lenyewe, usipige picha ya skrini tu. Andika anwani ya ukurasa na tarehe uliyopakua, weka nakala ya pili kwa mtu mwingine, na hifadhi ukurasa kwenye hazina ya mtandao inayotunza kurasa za zamani. Ukitafuta ndani ya faili, fuata vitenzi: tunahakikisha, tunakagua, tunaidhinisha, tunatoa mafunzo. Kila kitenzi kiwekewe swali: nani, kutoka ofisi gani?

Kwa nyaraka za serikali, sheria za haki ya kupata taarifa za 2016 zinampa ofisa siku 21 Kenya na siku 30 Tanzania kujibu. Omba ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na masharti ya cheti, kwa kichwa na mwaka. Ombi la "taarifa zote kuhusu mgodi" hupata jibu la jumla au hukaa kimya.

Ushahidi wa mwili ndio unaoharibika haraka kuliko wote. Tanzania aliyejeruhiwa anatakiwa kuwa na fomu ya polisi ya PF3, Kenya P3. Aliyepigwa na askari anayelinda mgodi anaogopa kwenda kituo cha askari huyohuyo, basi anaingia hospitali akisema ameanguka, na daftari linaandika "ameanguka". Miaka mitano baadaye wakili wa kampuni atalisoma neno hilo kwa sauti. Njia salama zaidi ni kwenda kituo kingine au kwa ofisa wa wilaya akiwa na mtu wa kushuhudia, na kwa hali yoyote kumweleza daktari ukweli na kuomba nakala ya cheti chenye tarehe, sehemu ya jeraha na kilicholisababisha.

Sampuli za maji huchukuliwa vibaya mara nyingi kuliko zinavyochukuliwa vizuri. Chupa moja kutoka mahali panaponuka haithibitishi kitu, kwa kuwa kampuni itasema mwamba wa eneo lote una madini. Zinahitajika angalau sehemu tatu: juu ya mgodi, panapotokea maji yake, na chini; kiangazi na masika. Kwa kupima metali, maji hutiwa asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali hung'ang'ania kwenye kuta za chupa na kipimo kinatoka chini kuliko hali halisi. Kila chupa iwe na namba, saa, nukta za GPS na sahihi ya kila aliyeishika mpaka maabara, na maabara iwe na ithibati. Sahihi moja ikikosekana katikati, kazi ya mwezi mzima inakuwa hadithi.

Damu nayo ina saa yake. Madini ya risasi hupungua katika damu kwa nusu kila baada ya mwezi mmoja hivi, huku mengine yakijificha mifupani kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema mikrogramu 5 kwa desilita ndicho kiwango cha kutafuta chanzo na kukiondoa, ingawa hakuna kiwango kilicho salama. Kupima watoto mwaka mmoja baada ya kiwanda kufungwa ni kumpimia mdaiwa utetezi.

Owino Uhuru, Mikindani mjini Mombasa, ndiyo kesi ya kwetu inayoonyesha yote haya. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu tangu 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake na ambaye mwanawe aliugua, alianza kukusanya vipimo kabla ya kukusanya maandamano. Kesi ilifunguliwa 2016 chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kudai haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Ona nani alibebeshwa sehemu kubwa ya mzigo: mamlaka ya mazingira, NEMA, pamoja na taasisi nyingine za serikali zilizofumba macho. Kiwanda kilikuwa kimeshafunga virago. Wakili aliyewaingiza wadaiwa wa serikali mapema ndiye aliyeiokoa hukumu isiwe karatasi tupu.

Tanzania njia hiyo ya kikatiba imebanwa: tangu marekebisho ya 2020, anayefungua shauri la haki za msingi lazima aonyeshe yeye binafsi ameathirika. Kwa hiyo chagua wadai wenye majeraha, ardhi au visima vyao wenyewe, si shirika linalowasemea.

Saa, sahihi na pesa

Dai la madhara ya aina hii lina ukomo wa miaka 3 Tanzania na Kenya, na mahakama ya Uingereza kwa kawaida hutumia ukomo wa nchi madhara yalikotokea. Mahakama ya Afrika Mashariki ni kali zaidi: miezi miwili tu tangu tendo linalolalamikiwa. Kesi ya mashirika ya kiraia dhidi ya bomba la mafuta, iliyofunguliwa Novemba 2020, ilitupwa Novemba 2023 kwa kuchelewa. Mazungumzo na ofisa uhusiano wa mgodi hayasimamishi saa hiyo. Watu huambiwa "tunalifanyia kazi" mara tatu, na mwaka wa tatu unapita.

Dirisha la malalamiko la kampuni linaweza kuwa na faida. Hupata mtu matibabu wakati mahakama bado inapanga tarehe. Hatari iko kwenye karatasi ya mwisho. Huko North Mara mashirika ya RAID na MiningWatch Canada yalikosoa makubaliano yaliyomtaka anayepokea fidia aahidi kutoshtaki kamwe. Baadaye mfumo ulirekebishwa. Mwaka 2013 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikizungumzia mgodi wa Porgera huko Papua New Guinea, ilisema msamaha wa namna hiyo haukatazwi moja kwa moja lakini uwe mwembamba iwezekanavyo. Kwa vitendo: usiweke dole gumba siku ileile. Dai nakala ya Kiswahili, au ya lugha ya nyumbani isomwe mbele ya mtu wako. Tafuta maneno "kampuni zote za kundi" na "madai yote yajayo". Hayo mawili ndiyo yanayofunga mlango wa London. Kubali kufuta dai la jeraha hili la tarehe hii, basi.

Pesa huamua zaidi ya sheria. Mahakama ya Uingereza hukokotoa fidia kwa kipimo cha nchi ya mwathirika, na tangu Aprili 2013 wakili hawezi tena kumdai mdaiwa ile nyongeza ya ada anayolipwa akishinda. Kesi ya watu 20 waliovunjwa miguu Tarime inaweza kugharimu kuliko itakachozaa, na ndiyo maana ofisi za mawakili hutaka mamia ya wadai. Hapo orodha inakuwa jambo la uhai: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba, simu mbili, kitongoji. Mtu aliyeandikwa kwa tahajia tatu katika hati tatu ataitwa watu watatu, au hewa.

Na wapo wasio na haja ya kwenda mahakamani kwanza. Kakuzi, shamba kubwa la parachichi katika kaunti ya Murang'a, lilitikiswa mwaka 2020 wakati Tesco, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, ilipositisha ununuzi kufuatia madai ya ukatili wa walinzi. Miezi michache baadaye kampuni mama, Camellia, ilimaliza kesi ya wadai 85 kwa makubaliano ya hadi pauni milioni 4.6. Anayejua parachichi linaishia rafu gani ameshika kamba ambayo jaji hana.

Tangu Nchanga, washauri wa kisheria wamekuwa wakiwapitishia wateja wao kalamu nyekundu. Mwongozo wa lazima wa kundi unaitwa sasa "mapendekezo", bodi "inapokea taarifa" badala ya kusimamia, na "tunahakikisha" imegeuka "tunahimiza". Kwa hiyo chukua ripoti ya kampuni ya mwaka wa madhara na ya mwaka huu, uzilaze sambamba, upige mstari chini ya kila kitenzi kilichobadilika. Hiyo ndiyo karatasi ya kumpa wakili mkutano wa kwanza, kabla ya picha na kabla ya orodha ya majina.